Maksai Wawili Kwenye Safu ya Vifaa

Mjomba wangu hakuwa na shahada, wala hakuwahi kudai kwamba anayo. Kwa miaka ishirini na saba alifundisha kulima kwa maksai katika chuo kikuu cha kilimo, na wanafunzi wakambandika jina la Mzee Plau. Wengi wa hawa wanaojiita wataalamu leo, wenye tai na mafaili kwapani, waliwahi kuanguka kifudifudi kwenye matuta yake huku yeye akicheka mpaka anajifuta machozi. Mkuu wetu wa idara ni mmoja wao. Huyo alikanyagwa mguu na maksai akiwa mwaka wa pili, akalia kwa sauti mbele ya wasichana wa darasa lake.

Mimi ni katibu wa idara hiyohiyo. Kazi alinitafutia mjomba, kama alivyonitafutia shule na viatu vya shule baada ya baba kufariki. Alikuwa ananiita "mwanangu" popote, hata mbele ya wakubwa, nami nikawa namnong'oneza, "Mjomba, hapa ni ofisini bwana."

"Kwani ukiingia ofisini unakuwa mtoto wa nani?"

Nacheka tu.

Maksai wake walikuwa wawili. Hakimu, kwa sababu alimkodolea mtu macho bila kupepesa, na Mvivu, kwa utani, maana ndiye aliyevuta kuliko mwenzake. Somo la kwanza la mjomba halikuwa kulima. Lilikuwa neno moja, "simama". Mwanafunzi anakaa nyuma ya plau, anasema mara moja, bila fimbo, bila kelele. Ukirudia mara ya pili, mjomba anakwambia urudi nyuma ya foleni, wewe ndiye hujafundishwa, si wao.

Mwaka jana ikaja zamu ya kupitia upya mtaala. Kila somo lijieleze kwa nini liendelee kuwepo, kwenye fomu ya kurasa nne. Mjomba akaja mezani kwangu na kofia mkononi, ananukia zizi, tukaanza kujaza.

"Lengo la somo?"

"Kulima."

"Mjomba, kulima haitoshi. Inatakiwa 'mwanafunzi aweze'."

"Haya. Mwanafunzi aweze kulima."

Tulicheka mpaka mhasibu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Tukafika kwenye safu ya vifaa. Niliandika plau moja, nira moja, minyororo miwili. Kompyuta ikagoma kwenda mbele, inataka aina za vifaa zisizopungua nne.

"Tuandike maksai," nikasema.

"Maksai si kifaa. Kifaa mvua ikinyesha unakiacha nje ukalale."

"Ni karatasi tu hii, mjomba. Nani atasoma?"

Akajikuna kichwa, akasema sawa, mwanangu, wewe ndiye unayejua mambo ya karatasi. Nikaandika: maksai wawili. Akatia sahihi. Kabla hajaondoka aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Alitaka amalize na Hakimu na Mvivu, kisha aombe aondoke nao, wakazeekee nyumbani kwake. Hakuwa na ombi lingine duniani.

Siku ya kikao cha mtaala nilikuwa naandika kumbukumbu. Ukumbi ulijaa wakuu wa idara, watu wa matrekta, na wakulima watatu walioketishwa nyuma kabisa ambao hakuna aliyewauliza lolote. Mkuu wetu akaanza kumvisha mjomba kilemba cha ukoka. Mzee wetu, hazina yetu, nguzo yetu! Nikajua tu hapa pana jambo.

"Sasa tuambie, mzee. Matokeo ya somo lako yanapimwaje?"

"Mwanafunzi anasema 'simama' mara moja," mjomba akajibu. "Wakisimama, amefaulu."

Watu wakavunjika mbavu. Jamani, watu wazima wale, mmoja alipaliwa na maji ya chupa.

"Hakuna jedwali la alama?" mkuu akauliza, naye anacheka.

"Ng'ombe hana jedwali, daktari. Muulize mguu wako."

Kicheko kikageuka upande. Mkuu akabaki anatabasamu kwa meno tu. Mjomba wangu na mdomo wake! Laiti angeumeza ule utani, labda leo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Kura zikapigwa. Mikono ya kulitetea somo haikuinuka hata mmoja, na humo ndani nilihesabu watu sita aliowafundisha kushika plau. Mmoja aliinama akafunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Nikaandika kama nilivyosomewa: somo limefutwa, vifaa vyake vikabidhiwe kamati ya mali. Niliandika kwa mkono wangu na wala neno 'vifaa' halikunigusa. Nililifikiria plau tu.

Mjomba akaomba apewe maksai wake. "Andika barua, mzee, tutaiangalia," mkuu akamwambia. Barua niliipiga mimi, nikaiweka kwenye trei yake. Wiki tatu ilikaa pale, na juu yake duara la kikombe cha chai.

Ikafika Jumamosi ya uzinduzi wa mtaala mpya. Maturubai, maua ya plastiki, spika kubwa. Asubuhi mkuu akaniita. "Mpigie mjomba wako awalete maksai, wageni wanataka picha. Apitie nyuma, upande wa jikoni, wasichafue bustani."

Nikampigia. Alivyofurahi! "Kumbe wameisoma barua, mwanangu!" Akawaosha, akawapaka mafuta pembe, akavaa koti lake la harusini. Nilikwenda kumpokea, nami nimejaa furaha mpaka masikioni.

Nyuma ya jiko palikuwa na mwanamume wa mabuti ya mpira na wasaidizi wawili. Turubai limetandikwa chini. Mabeseni manne.

Mjomba akasimama. Mkuu akatoka jikoni na karatasi mkononi, nikaitambua kwa mbali. Fomu yetu.

"Usinitazame hivyo, mzee. Ni vifaa vya somo lililofutwa, na kamati imeamua vitumike kwenye sherehe. Umeandika mwenyewe. Sahihi yako hii hapa."

Mjomba hakuitazama karatasi. Alinitazama mimi.

"Daktari, uliniambia picha!" nikapiga kelele.

"Na picha si zitapigwa? Mezani."

Wachinjaji wakajaribu kuwashika. Hakimu alimbamiza mmoja ukutani, Mvivu akaburuta kamba na mtu wake mpaka kwenye mitungi ya gesi. Wapishi wakakimbia. Mkuu akarudi nyuma haraka, akajificha nusu mwili kwenye mlango.

"Hawa ng'ombe watatuulia watu! Mzee, wanakusikia wewe. Washike. Au niite askari wawapige marungu mpaka walegee?"

Hapo mjomba wangu, mtu wa miaka hamsini na minane, alivua kofia. "Daktari, nakuomba. Kama ni ule mguu, nisamehe. Nilikosea kucheka siku ile."

"Mguu gani, mzee?" mkuu akasema. "Mimi sikumbuki mguu wowote."

Nililia. Nasema wazi, nililia kwa hasira, na sikufanya lolote zaidi ya kulia. Mjomba alitazama mapanga yaliyokuwa kwenye beseni moja, akawatazama maksai walivyokuwa wanatetemeka. Akaingia katikati yao. Akaweka mkono mmoja shingoni kwa Mvivu, mwingine kwa Hakimu, akasema kwa sauti ya chini, mara moja.

"Simama."

Wakasimama. Wala hawakusogeza kwato. Akakaa hapohapo, kwanza Hakimu, kisha Mvivu, mpaka wote wawili walipomalizwa, na koti la harusi likawa halifai tena.

Adhuhuri mkuu aliinua kitabu cha mtaala mpya juu, watu wakapiga makofi, chakula kikapakuliwa. Mjomba alipelekewa sahani yake, imefunikwa vizuri, kwa heshima ya mzee wetu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini ya kiti, akaondoka kwa miguu.

Jumatatu alikuja ofisini kutia sahihi ya kuondoa vifaa kwenye orodha ya mali. Bila sahihi yake faili lisingefungwa. Nilikuwa nimeipanga hotuba ya kumwomba radhi usiku kucha, ikanipotea yote.

"Mjomba, naapa sikujua. Nisamehe."

Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye karatasi. "Natia wapi?"

Nikamwonyesha. Akaandika jina lake taratibu, akafunika kalamu.

"Mjomba..."

"Asante, katibu," akasema, akavuta mlango.

Ni miezi minane sasa. Hajanigombeza hata siku moja, wala hajaacha kuja kwetu Jumapili kumjulia hali mama. Anakula, anauliza habari za kazi. Na hata pale, mbele ya dada yake, akitaka chumvi ananiambia, "Katibu, nisogezee hiyo chumvi."