Maji ya Samaki wa Daktari

Mwaka wa mwisho wa vita vya serikali na waasi wa kwetu, watu wetu wa Garissa wakiwa wamekusanywa katika vijiji vya seng'enge na kuhesabiwa asubuhi na jioni, bwana niliyemfanyia kazi aliamua kufuga samaki wa kutazama. Sitanii. Alikunywa chai yake, akapangusa masharubu, akaniambia leo tutafute kioo.

Alikuwa mzungu, daktari wa mifugo wa serikali, mmoja wa wale waliobaki baada ya bendera kubadilishwa. Kabla ya vita kazi yake ilikuwa kuchanja ng'ombe wetu. Vita vilipokolea, ikawa kuwakagua ng'ombe waliokamatwa na jeshi na kutia sahihi: hawa wauzwe, hawa wapigwe risasi. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina ndevu, nina kalamu mfukoni. Na kwa kuwa mkalimani hana shughuli nyingi mahali ambapo watu wameamriwa kunyamaza, nilimpikia pia, nikamfulia, nikampigia pasi hadi soksi.

Tangi tulilitengeneza wenyewe. Fundi wa gereji alichomelea fremu ya chuma, tukapachika vioo vilivyotolewa kwenye madirisha ya ofisi iliyoungua, tukaziba kwa puti. Urefu wake haukuzidi mkono wangu. Lilivuja mara mbili, mara ya tatu likakubali.

Kisha nikatumwa mchanga. Niliuchota kwenye laga, lile korongo kavu nyuma ya nyumba, nikauosha. Akachukua kiganja kimoja, akautikisa ndani ya glasi ya maji, akasema bado. Nikauosha tena. Siku hiyo lori la maji halikufika kijijini, watu walikaa na madebe matupu tangu alfajiri, na mimi nilikuwa uani kwa daktari namwaga ndoo baada ya ndoo kuuogesha mchanga. Nilimchukia mno. Niliuosha mpaka ukang'aa, kwa sababu nilitaka pia anisifu, na hilo ndilo linaloniudhi ninapokumbuka.

Chini aliweka tabaka jembamba la udongo wa mtoni, juu yake mchanga, na pembeni mawe matatu aliyoyahamisha kwa muda wa saa nzima, hili huku, hili kule, kama mtu anayepanga wageni wasiopatana. Mimea ilitoka kwenye vidimbwi vya kando ya Tana: majani marefu membamba kama utepe, na mengine yenye manyoya ya kijani yanayoelea. Aliyapanda moja moja kwa koleo lake la kushikia pamba ya vidonda. Akalaza sahani juu ya mchanga, akanifundisha kumimina maji polepole juu ya sahani ili mchanga usitibuke. Nilidhani samaki wataingia siku hiyohiyo. Akasema hapana, majani yashike mizizi kwanza, tungoje wiki mbili. Kwa majani alikuwa na subira ya ajabu. Karatasi ya ng'ombe arobaini aliitia sahihi akiwa amesimama.

Wale arobaini walikuwa wa mama mdogo wangu. Kwetu tunamwita habaryar, ndugu wa mama. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufa, na hakuwa na binti, kwa hiyo kazi za mabinti zilinifika mimi: kukama mbuzi, kusuka kamba, na kufukiza vyombo vya maziwa, yaani kuvisafisha kwa moshi wa vijiti vya mti fulani ili maziwa yakae na yanukie. Hili la mwisho lilikuwa siri yetu. Kwa Wasomali mwanamume hafukizi vyombo. Nilipoanza kuota ndevu aliniambia niache, watu wasije wakanicheka. Siku daktari alipotia sahihi ile karatasi, mimi ndiye niliyemshikia ubao wa kuandikia. Jioni nilimweleza habaryar. Aliniuliza kama ubao ulikuwa mzito.

Alibakiwa na mbuzi sita.

Samaki walipatikana kwenye bwawa la mvua, njia ya kwenda Kotile, tulipokwenda na askari kukagua ng'ombe waliokuwa wakinyweshwa hapo. Daktari alivua viatu, akaingia majini na kipande cha chandarua, akatoka na samaki wadogo wasiozidi nusu ya kidole, mapezi mekundu, ubavu wa buluu. Askari walimlinda kwa bunduki akiwavua. Alirudi na kumi na wanne ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, ameukumbatia kifuani njia nzima, gari likiruka kwenye mashimo.

Ikabaki shida ya maji. Maji ya bomba la nyumba za serikali yalikuwa na dawa ya kuua vijidudu, na dawa hiyo, alisema, ingewaua samaki pia. Yalitakiwa maji ya mto, yatuame siku mbili kwenye mtungi wa udongo mpaka tope lishuke, kisha kila Alhamisi nusu ya maji ya tangi itolewe na mapya yatiwe. Hapo nikaona upenyo. Nikamwambia nina mama mdogo, mtu mwaminifu, anayeweza kuleta maji kila asubuhi akipewa kibali cha kutoka kijijini. Akaniandikia palepale, akapiga mhuri.

Kibali kilisema mwenye karatasi hii aruhusiwe kwenda mtoni kuchotea maji nyumba ya daktari. Mbuzi hawakutajwa. Lakini habaryar alipofika langoni asubuhi ya kwanza alikuwa na debe mgongoni na mbuzi sita nyuma yake.

"Askari, bita mimi," akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Kibali iko."

"Na hawa?"

"Hawa nasaidia mimi gutafuta njia."

Askari akacheka. Kuanzia siku hiyo alipewa kikombe cha maziwa kila asubuhi, naye akawa haoni mbuzi. Mle kijijini mifugo ya watu wengine ilikuwa ikifa kwa kiu na kwa kukosa malisho, maana lori lilileta maji ya binadamu tu. Mbuzi wa habaryar walikunywa mtoni, wakala majani ya kando ya mto, wakanenepa. Nilitembea kifua mbele. Habaryar alikuja siku moja kuwatazama hao samaki waliompa ruhusa. Aliinama mbele ya kioo kwa muda mrefu.

"Wanaliwa?" akaniuliza.

"Hawaliwi."

"Wanakamwa?"

"Habaryar."

"Basi Mungu awape umri mrefu," akasema. "Wakifa hawa, tumekufa."

Hivyo alijua yeye, na nilijua mimi. Uhai wa wale mbuzi ulining'inia kwenye mkebe wa samaki.

Mvua zilipokwisha, joto likapanda, na mtungi ukaanza kuota utelezi ndani. Nilipoingiza mkono ukatoka na ute wa kijani wenye harufu ya chura. Daktari alikuwa amenikanya tangu mwanzo: sabuni ni marufuku, hata tone. Nikatii. Sikutumia sabuni. Lakini chombo kichafu ni chombo kichafu, na mimi nililelewa na mwanamke ambaye usafi kwake una njia moja. Nilihakikisha hakuna mtu uani. Nikawasha vijiti vya mti uleule anaoupenda yeye, vikashika kaa, nikaufunika mdomo wa mtungi juu yake, moshi ukaingia, nikapangusa, nikarudia. Mara tatu. Nilifanya kazi safi kabisa. Ungetia maziwa humo yangekaa siku nne na mgeni angelamba midomo.

Habaryar akaleta maji, nikayajaza, yakatuama siku mbili. Alhamisi daktari akatoa nusu ya maji ya tangi kwa mpira, akatia mapya, sahani juu ya mchanga, polepole. Hakunusa kitu. Alikuwa mtu wa kiko, kinatoka mdomoni wakati wa kula tu, na pua yake ilikuwa imekufa miaka mingi. Kabla ya saa kumi samaki walikuwa juu ya maji wakihema. Kisha wakaanza kulala ubavu. Alijaribu kuwaokoa, masikini, aliwahamisha kwenye bakuli, akapepea maji kwa kijiko. Wote kumi na wanne walikufa, akawalaza juu ya gazeti.

Nilijua papo hapo. Nilikwenda jikoni, nikanusa mtungi: maji yaliyobaki yalinuka moshi wangu.

"Maji yana sumu," daktari akasema. "Mlete huyo mwanamke."

Aliletwa na askari wa lango, yuleyule wa kikombe cha maziwa, ambaye siku hiyo hakumtazama usoni. Daktari alikaa kwenye kiti cha turubai, gazeti la samaki mezani mbele yake.

"Muulize aliweka nini kwenye maji."

Nikamuuliza. Habaryar aliwatazama samaki, akaenda hadi penye mtungi, akainama, akaingiza pua. Alivuta pumzi mara moja. Huyu ni mwanamke aliyeweza kunusa kibuyu akakwambia kimefukizwa kwa mti gani na mkono wa nani. Alipoinuka alikuwa ananitazama mimi.

"Mwambie," akaniambia kwa Kisomali.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

"Anasema hajui."

Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta sababu. Niliogopa kazi yangu, ndiyo. Nyumba ile ilinipa chakula na kibali changu mwenyewe cha kutembea. Lakini kilichonifunga mdomo zaidi ni upuuzi. Ningelazimika kusema mbele ya askari, na kesho kijiji kizima kingejua, kwamba mkalimani wa serikali mwenye ndevu na kalamu hujificha uani kufukiza vyombo kama mke wa mtu. Niliona haya.

"Muulize kama ana hasira kwa ajili ya ng'ombe wake."

Nikamuuliza.

"Mwambie ndiyo, nina hasira," akasema. "Na mwambie maji niliyoleta yalikuwa safi, na mtungi umeufukiza wewe."

"Anasema ndiyo," nikafasiri, "ana hasira."

Daktari akangoja. "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Habaryar alijua Kiswahili cha sokoni, cha kununua chumvi na sukari. Kilimtosha kujua kwamba nimesema machache kuliko yeye. Angeweza kuyaokota maneno mawili matatu akaninyooshea kidole, na daktari angeelewa. Nilimwona akifungua mdomo. Kisha akaufunga, akafunga na ncha ya shuka lake, akasimama wima.

Daktari akanyoosha mkono. Habaryar akatoa kibali kwenye pindo la nguo, akampa. Kilikuwa kimelainika kwa kukunjwa.

"Mwambie simpeleki polisi," daktari akasema. "Mwingine angempeleka. Mwambie mimi si mtu mbaya."

Hayo niliyafasiri neno kwa neno.

Baada ya wiki mbili mimea ilikuwa hai bado, imeota hata kupita kioo, na daktari akaleta samaki wengine. Akaniandikia mimi kibali cha mtoni. Jioni hiyo nilikwenda kijijini nikiwa nimejiandaa kwa matusi. Habaryar alinipa chai. Mbuzi walikuwa zizini, wamesimama bila kutafuna, ndimi zimetoka. Alikuwa akiwagawia maji ya kunywa ya kwake mwenyewe, kikombe kimoja kwa sita.

"Nasikia unakwenda mtoni," akasema.

"Ndiyo."

"Watoe pamoja nawe."

Nilikuwa nimelitarajia ombi hilo na nilikuwa na jibu.

"Habaryar, kibali kinasema maji. Hakisemi mbuzi."

"Changu kilisema nini?"

Nikamaliza chai. Nilimwambia kwamba daktari sasa ana macho makali, askari wamebadilishwa, nikikamatwa tutakosa yote. Baadhi ya hayo yalikuwa kweli. Askari hawakuwa wamebadilishwa.

Wa kwanza kufa alikuwa jike mwenye mimba. Wakafuata wawili siku moja. Asubuhi nilipita langoni na debe langu, na njia ya lango hupita kando ya zizi lake, na mbuzi waliobaki walinijua, walinijia mbio hadi kwenye seng'enge kila nilipopita kwa sababu nilinukia mto. Nilianza kupita upande wa pili. Wa mwisho alimchinja mwenyewe kabla hajafa ili awe halali, akagawa nyama kwa majirani, na ini akanitengea mimi. Akaliweka mbele yangu kwenye sahani ya bati.

"Kula," akasema. "Kesho una kazi."

Nililila lote.

Vita vikaisha, seng'enge ikaanza kukunjwa, na daktari akahamishwa. Mimea aliitupa nje, vioo akaniachia. Siku ya kuondoka alinipa barua yenye mhuri, ya kuonyesha kwenye ofisi yoyote, na kweli ndiyo iliyonipatia ukarani nilioufanya mpaka nikastaafu. Nilimpelekea habaryar aione. Alikuwa ameegemea nguzo ya zizi, ambalo sasa alilitumia kuwekea kuni. Akaniambia nimsomee.

Ilikuwa kwa Kiingereza. Nikamfasiria kwa Kisomali, mstari baada ya mstari: kwamba nimefanya kazi kwa bidii, kwamba ni mwaminifu, kwamba ni mkweli, kwamba hufasiri maneno ya watu bila kuongeza wala kupunguza. Sikuruka neno. Hata tarehe nilimsomea.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe unaweza," akasema, akaokota kuni zake, akaingia ndani.