Ng'ombe Wangu na Joto la Kisongo

Joto la Kisongo halina adabu. Linaingia asubuhi bila hodi, na ikifika saa sita limekalia kiti chako. Mimi nimezaliwa mlimani, juu ya Tengeru, kwenye migomba, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu unashuka hadi mlangoni na moto wa jikoni hauzimwi. Kule nimeolewa, kule nimezeeka. Huku nililetwa na mwanangu kwa sababu ya magoti.

Na tuseme kweli, magoti yamepata nafuu. Hiyo ndiyo inayonikera zaidi, maana siwezi kulilaani hili joto kwa moyo wote. Mlimani mwezi wa sita ukiingia nilikuwa natembea kama nimefungwa kamba. Huku baridi ni jina tu. Asubuhi unajitupia shuka, upepo unavuma na vumbi lake, saa nne unaivua, basi, baridi ya siku hiyo imekwisha. Wenyeji wanavaa makoti mazito wanalalamika, "Mwaka huu baridi itatuua." Nawaangalia tu.

Nilikubali kushuka kwa sharti moja: ng'ombe wangu aje nami. Ni ng'ombe wa gredi, wa damu ya kizungu, mweusi mwenye mabaka meupe, na wakati huo alikuwa na mimba changa. Jina lake silitaji. Nayakumbuka majina ya ng'ombe wote waliopita katika banda la mama yangu na langu, na majina ya watu waliokunywa maziwa yao, na nani aliazima kibuyu hakurudisha. Lakini humu sitaji jina la mtu wala la mnyama, kwa kuwa wengine wanasoma, na wengine wana watoto wanaosoma. Ninachotaka kusema ni kwamba yule ng'ombe ndiye aliyenifanya mtu. Mjane akiwa na maziwa, watu wanapita kwake asubuhi na chupa zao, wanampa habari, wanamwuliza neno. Asipokuwa nayo ni bibi wa kuwekwa kwenye kona na kuambiwa, "Kula, mama." Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa, na nilikijua vizuri.

Mwanangu alijenga banda kabla hatujafika. Alilijenga kwa upendo, na alilijenga vibaya. Kwetu mlimani ng'ombe wa maziwa hatoki nje. Anakaa ndani, mbao zimebanana, paa la bati liko chini, baridi na mvua visimpate, nasi tunamkatia majani na vigogo vya migomba tunampelekea. Mwanangu amekulia hapo, hajui banda la namna nyingine. Akalichukua banda la mlimani, ubao kwa ubao, akalisimamisha Kisongo juani.

Jirani yetu, mama wa Kiarusha ambaye ng'ombe wake wa asili wanalala kwenye boma la miiba, alikuja kunisalimia. "Shikamoo, koko," ndivyo wanavyomwita bibi. Akachungulia bandani, akarudi nyuma.

"Koko, huyu mmemfungia kafanya nini?"

"Ndivyo tunavyofuga sisi."

"Au anafundwa? Maana ninayemjua mimi wa kufungiwa ndani hivi ni mwali."

Nilicheka. Kisha nikamsikia ng'ombe wangu anavyohema. Ulimi nje, udenda unadondoka, mbavu zinakwenda kama mvukuto wa mhunzi. Maji alikuwa anayamaliza ndoo kwa ndoo, lakini majani anayanusa na kuyaacha. Maziwa yalikuwa yanapungua kila wiki, na mimi nilikuwa najidanganya kwamba ni ugeni.

Jioni nikamwambia mwanangu, "Toa mbao za upande wote huu. Inua na bati. Mnyama anapikwa."

"Mama, nikizitoa wezi watamchukua. Halafu upepo wa usiku huku si mchezo, atashikwa na baridi."

"Baridi gani? Si uliniambia huku hakuna baridi?"

"Kwako wewe, mama. Ng'ombe ni mwingine."

"Kwa hiyo baridi ya Kisongo inachagua?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Alitoa mbao mbili za juu, kama anayetoboa tundu la ufunguo, akasema tungoje tuone.

Tuliona. Mwezi wa kwanza jua likawa kali hata mbuzi wanagombea kivuli cha ukuta. Ng'ombe wangu akawa anashinda amelala. Bwana mifugo alikuja, akampapasa tumbo, akasema damu ya ng'ombe hawa haitaki joto, na kwa hali ile haoni mimba ikifika mwisho. Hapo mwanangu akabomoa upande mzima siku hiyohiyo, akatandika nyasi juu ya bati, akapanda na mti. Mti! Mti unahitaji miaka, na jua lipo leo.

Nikampigia simu wifi yangu aliyebaki mlimani. "Wifi, mchukue ng'ombe umlishe."

"Ulihamia jangwani ukabeba na ng'ombe. Ungebeba na mlima basi."

"Unamchukua, humchukui?"

"Namchukua. Maziwa na samadi vyangu, ndama wako."

"Desturi naijua, usinifundishe."

"Nakukumbusha tu, maana joto linayeyusha akili."

Ndivyo kwetu inavyokuwa tangu zamani: ukimpa mtu ng'ombe amlishe, umebaki mwenye mali usiye na maziwa.

Kirikuu ililetwa kumbeba. Nilidhani atagoma, ng'ombe hugoma kupanda gari, mnasukuma mpaka mnatukanana. Huyu alipanda mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko yote. Jirani alikuwa amesimama nami.

"Koko, na wewe si ungepanda tu?"

"Na magoti?"

"Basi mgawane. Yeye achukue baridi, wewe chukua jua."

Watu wa chupa walipita siku chache, wakauliza, wakaacha. Sasa nakunywa chai ya rangi. Mkwe wangu ananiletea maziwa ya pakiti, mtoto mwema, nayapokea, nayaacha juu ya meza.

Halafu wifi akapiga simu asubuhi moja. Ng'ombe amezaa, ndama jike, mweusi mtupu. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi, akalalamika ukungu haujaondoka tangu juzi na kuni zote mbichi. Mimi nilikuwa nimekaa nje na kitenge kimoja, jasho shingoni.

"Akiachishwa ziwa nitamleta," akasema. "Ndama ni haki yako."

"Umlete wapi? Huku?"

"Wifi, ni wako."

"Ni wangu, na akae huko. Mlishe na yeye."

Akasema haya. Nikakata simu kabla sijabadili mawazo.

Mwanangu alikuwa amesikia. Leo nimeamka nimemkuta anapima ardhi kwa kamba nyuma ya nyumba. Nimemwambia aache. Amesema banda hili litakuwa wazi pande zote nne, mama, paa juu kabisa, nyasi tupu. Haijafika hata saa nne, na bati la nyumba limeshaanza kulia kwa joto.