Dada Wee

Juzi nilikwenda Kariakoo kumsalimia binti wa mdogo wangu wa mwisho dukani kwake. Alikuwa anashusha trei ya mayai, ikamteleza. "Dada wee!" akapiga ukelele. Nami, mzee mzima, nikaitika, "Abee!"

Akacheka. "Mama mkubwa, sijakuita. Ni neno tu."

Ni neno tu. Ila mimi nilikuwepo lilipozaliwa, na mpaka leo sijui nilifurahie au nililie.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja upande wa Msimbazi, enzi za foleni za sukari na unga wa njano. Baba alikuwa ametangulia, na mama alipomfuata, kitindamimba wetu alikuwa bado ananyonya. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la tano, nikawa nakaanga vitumbua na kuwauzia mafundi wa Gerezani. Harufu ya iliki na moshi wa mkaa ilizizoea nguo zangu zote, hata za Idi.

Asubuhi moja kitindamimba, ameshaanza kukimbia, akakanyaga kaa la moto. "Mama wee!"

Mdogo wangu wa kati, mwenye ulimi kama pilipili, akamwambia, "Mama gani? Wewe hata sura yake huijui."

"Sasa nimwite nani?"

"Mwite huyo anayekupikia."

Mtoto akashika. Tangu hapo akijikwaa, akishtuliwa na panya, akipewa kitumbua kikubwa, ni "Dada wee!" Wapangaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama wa dukani, mtu wa Kilimanjaro, akiniona bombani na ndoo ananitania, "Dada wee, hujambo?"

Mimi sikucheka. Mama aliniachia wadogo zangu, hakuniachia jina lake. Niliona kwamba chumba kile kikikosa mtu wa kumwita, mama atakuwa amekufa mara ya pili. Basi nikaanza kumfundisha mtoto kulia. Nikamkalisha mkekani: "Ukiumia, sema mama wee." Akasema vizuri kabisa. Kesho yake mlango ukambana kidole. "Dada wee!" Nikamgombeza huku nampulizia kidole, naye akanijibu kwa kwikwi, "Nikiumia sikumbuki, dada."

Nikalipeleka shauri kwa bibi mwenye nyumba. Nilimkuta anachambua mchele.

"Mwanangu," akasema, "mimi na mvi hizi, nikijikwaa bado namwita mama. Tunamwita aliyetufuta machozi ya kwanza. Ya huyu aliyafuta nani?"

Jibu nililijua, na lilinipendeza, na kule kupendezwa ndiko kulikonichanganya. Nilihisi kama nimevaa khanga ya mama bila ruhusa, na inanikaa.

Nyumba ile haipo tena. Pamesimama ghorofa, chini wanauza mapazia. Bibi hayupo, wala mama wa dukani. Neno limebaki, limeenea kwa watoto na wajukuu wa kitindamimba, na hakuna anayejua kuwa dada huyo ni mimi.

Jana nilishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu. "Mama wee!" Nilikuwa peke yangu jikoni. Nikatulia kidogo, kama mtu aliyepiga hodi, kisha nikajipulizia vidole mwenyewe.