Mkalimani wa Jino la Mama

Mama alikuja London kutoka Pemba akiwa na meno yake yote isipokuwa mawili. Mwaka wa pili gego la chini likaanza kumuuma. Nilijua kwa sababu alianza kutafuna upande mmoja. Yeye mwenyewe hakusema kitu.

Kumtafutia daktari wa meno mtaani kwetu Tooting kulinitoa jasho. Kliniki ya kwanza haikupokea wagonjwa wapya. Ya pili vilevile. Ya tatu walicheka kidogo kabla ya kunijibu, na kile kicheko kiliniudhi kuliko jibu lenyewe. Ya sita au ya saba, mwanamke wa mapokezi alisema daktari atapiga simu kwanza, amuulize mgonjwa maswali, ajue kama ni wa haraka au wa kungoja. Aliposikia mama hajui Kiingereza, akasema atatafutiwa mkalimani, bure.

Nikakataa, tena upesi, kama mtu aliyetukanwa. Waswahili wa London tunajuana. Huyo mkalimani huenda ni shangazi wa mtu, na habari za jino la mama zingefika harusini Jumamosi kabla ya biriani. Isitoshe, mkalimani wa nini na mimi mwanawe nipo? Nimesoma hapa, nafanya kazi hapa.

Simu ilipokuja tulikuwa jikoni. Daktari aliuliza kama mama amevimba, kama anameza, kama analala.

"Mama, auliza walala?"

"Mwambie nalala, alhamdulillahi."

"Na maumivu?"

"Kidogo tu. Usimsumbue mtu na kazi zake. Na wewe si una meeting?"

Shavu lake nililiona limeanza kuvimba. Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu njema kwanza, hata roho ikiwa kooni, na anayemjua husubiri jibu la pili. Lakini kweli nilikuwa na mkutano wa kazi baada ya nusu saa. Nikatafsiri jibu la kwanza. Tukapewa miadi ya wiki tatu mbele, nami nikajiona nimemaliza kazi.

Siku ya tisa alishindwa kumeza uji. Shingo ilikuwa imejaa, ngumu kama ubao, na pumzi inakoroma. Hospitali walisema usaha umeshuka kutoka kwenye gego mpaka shingoni, lazima apasuliwe sasa hivi. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi mwiba niliudharau kwenye taya ya mtu mwingine.

Nikaanza kumtafsiria karatasi ya ridhaa. Daktari akanizuia: hapo ridhaa ya upasuaji haitafsiriwi na jamaa. Akaweka simu juu ya kitanda, ikatoka sauti ya mkalimani, mwanamke wa lafudhi ya Mombasa.

"Shikamoo mama. Pole sana. Daktari anauliza, maumivu yalianza lini?"

Kinywa cha mama kilikuwa hakifunguki, lakini alisema. Alisema hajalala vizuri tangu Ramadhani. Alisema huingia bafuni akauma taulo, watoto wangu wasimsikie. Yule mwanamke alimtafsiria daktari kila neno, kwa hiyo niliyasikia yote mara mbili.

"Anauliza mbona hukusema mapema, mama."

"N'seme vipi, na anayenisemea ni mwanangu? Uchungu wangu niupitishe kinywani mwake?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilitaka kumshika mkono, lakini walikuwa wameshaanza kusukuma kitanda.

Alipona. Aling'olewa meno manne, na mdomo wa chini upande mmoja umekufa ganzi. Chai humchuruzika na yeye hana habari. Tuliporudi kwa ukaguzi, muuguzi alimuuliza kama angependa mwanawe aingie naye. Swali hilo mama alilielewa bila msaada wa mtu. Akatikisa kichwa, akaonyesha simu iliyokuwa mezani. Nilikaa nje, na koti lake mapajani, mpaka alipotoka.