Fundi Aliyechanganya Mwanga na Jua

Saa tano kasoro robo asubuhi, fundi cherehani wa sare za shule anasimamisha mashine yake, anakunja mikono ya blauzi mpaka juu ya viwiko na kukumbatia rundo la mashati yanayosubiri vifungo. Anapanda ngazi kutoka chumba cha chini ya jengo, anatoka nje na kuketi kwenye stuli kando ya mlango. Jua linampata sawasawa.

"Mama Sola huyoo, anakwenda kuchaji!" anapaza sauti mkata vitambaa kule chini, na chumba kizima kinaangua kicheko.

Yeye wala hana habari nao. "Wacheke tu," anasema akitunga uzi kwenye sindano. "Miguu ni yangu, naijua mwenyewe."

Ana miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia katika chumba hicho chenye dirisha moja tu, la kioo kisichofunguka. Huingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki. Siku ya saba hupika, husafisha nyumba na kulala. Hata akitumwa dukani mchana hubeba mwavuli, maana tangu usichana wake hataki jua limharibu uso.

Miaka miwili iliyopita mapaja yalianza kuwa mazito. Nyonga zikauma, na kukanyaga pedali ya cherehani kukawa adhabu. Alijipa moyo kwamba ni umri. Kisha siku moja aliinuka kitini, miguu ikagoma, na kama si mwenzake kumdaka angeanguka kifudifudi.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alimpeleka hospitali bila kumwomba ruhusa. Damu ilipopimwa, kiwango cha vitamini D kilikuwa tisa, wakati daktari alitaka walau ishirini. Akaelezwa kwamba mwili hujitengenezea vitamini hiyo ngozi ikipigwa na jua, na kwamba ikipungua sana, mifupa na misuli hudhoofika.

"Nilimcheka daktari," anakumbuka. "Nikamwambia, daktari, jua limejaa tele huko nje, watu wanalikimbia! Akaniuliza, 'Sawa, mama, lakini wewe mara ya mwisho lilikupata lini?'"

Alipewa vidonge vya wiki nane na agizo moja: apate mwanga wa jua. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwa fundi wa nguo, mwanga ni kitu kimoja tu, nacho ni kuona tundu la sindano na mshono mweusi kwenye kitambaa cheusi. Kwa hiyo alibembeleza, akanuna, mwisho akakitoa kiti chake chenye mto ili abadilishane nafasi na fundi aliyekaa dirishani. Jua la asubuhi likawa linamwangukia mikononi, naye akaamini ameshapona.

Vidonge vilipokwisha, kipimo kilisoma ishirini na tatu. Miezi minne baadaye, akiwa palepale dirishani, kilishuka hadi kumi na tatu.

"Nilitaka kulia. Nikamwambia daktari, mimi mwanga ninao, nakaa dirishani kutwa! Akauliza, 'Dirisha linafunguka?'" Anatikisa kichwa. "Kumbe kioo kinapitisha mwanga na joto, lakini ile mionzi ngozi inayoitaka kinaizuia karibu yote. Miezi minne nzima naota kioo!"

Binti hakucheka. Alimwambia waziwazi: "Mama, kipimo kijacho kikiwa kibaya, unaacha kazi. Sitaki kuja kukuokota sakafuni."

Maneno hayo yalimchoma. Cherehani ndiyo iliyomlea huyo binti, na nje ya kushona hajui ajiite nani. "Niliogopa, sifichi," anasema.

Alipotaka kushonea nje, msimamizi naye alikuja juu: mashati yapelekwe nje yakashike vumbi? Fundi akajenga hoja yake. Vifungo hushonwa kwa mkono, havihitaji mashine. Akaomba asaidie kushona vifungo vya chumba kizima, nusu saa kila siku, shuka safi likiwa mapajani. Wenzake waliunga mkono haraka, kwani hakuna anayependa vifungo. Msimamizi alikagua mashati wiki nzima, hakuona hata moja lililochafuka, akaridhia.

Vidonge ameanzishiwa tena, kimoja kwa wiki, na daktari amemwonya asikae juani mpaka ngozi iungue. Mwavuli huubeba siku za mvua tu.

Wiki iliyopita majibu mapya yalitoka. Binti aliifungua karatasi kwanza, akaketi kwenye benchi la hospitali, akaanza kulia.

"Nikajua basi, kazi imekwisha," anasema fundi. "Namuuliza, mwanangu, vipi? Akaninyooshea karatasi tu. Ishirini na nane!"

Sasa mafundi wawili wameomba kwenda kupimwa, na yeye anapanga kumwomba msimamizi benchi refu la nje, ili kazi zote za mkono zifanyikie huko kwa zamu.

Na kuacha kazi je? Anakata uzi kwa meno kabla ya kujibu.

"Nitaacha siku nitakayochoka kushona. Nitasimama kwa miguu yangu hii, niwaage, niondoke."