Bibi Harusi Kwenye Pikipiki ya Mdachi

Mwaka 1902, nikiwa na miaka kama kumi kwa hesabu ya rika langu, ng'ombe wa baba walikufa wote kwa maradhi, na baba naye hakukaa sana. Shida zangu zilianzia hapo. Darasani kwa wamisheni nilikaa majira mawili ya mvua tu, nikajua kuandika jina langu na kusoma polepole. Mengine yote nimeyapata kwa mikono hii, na sioni haya kusema.

Nilianza kazi kwa Mdachi mmoja, ndivyo tulivyowaita Wajerumani, nikipaka mafuta magurudumu ya gari la maksai. Nyumba yake aliijenga mbali na watu, upande wa mawio wa Mlima Meru, kwenye rasi iliyoingia ziwani, maji pande tatu. Alipoleta pikipiki, wenzangu waliikimbia. Mimi niliisogelea. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa naifungua na kuifunga mwenyewe, na Mdachi akawa hataki mtu mwingine aishike.

Mwaka 1913 nikaoa binti wa kijiji cha Sekei, karibu na mji. Wiki ileile Mdachi akanituma mjini na pikipiki, nikaiwekee mkanda mpya wa kuzungusha gurudumu kwa fundi wa Kihindi. Akaniambia, "Jumamosi, kabla jua halijazama, uwe hapa. Jumapili alfajiri naenda Moshi kumpokea mke wangu kwenye treni. Ukichelewa, hamsa ishirini, na kazi huna."

Hamsa ishirini ni viboko ishirini na tano. Nilishamwona mpagazi aliyepigwa hivyo. Alilala kifudifudi wiki nzima, na nzi hawakumwacha.

Mkanda ulipatikana Jumamosi asubuhi, na Jumamosi ndiyo siku niliyopangiwa kumchukua mke. Nikaenda Sekei na pikipiki.

Sasa, kwetu Waarusha, bibi harusi huenda kwa mumewe kwa miguu, kwa hatua fupifupi, wala hageuki nyuma. Wazee walisema akigeuka atakuwa jiwe. Shangazi yake alipoiona pikipiki alishika kichwa.

"Mtoto wetu apakiwe kama gunia la mahindi?"

"Shangazi, kwa miguu tutalala njiani. Mimi nina mpaka jua kuzama."

"Haya, mpakie." Kisha akamwinamia binti. "Lakini shingo yako isigeuke. Usikie mlio, usikie kilio, tazama mbele."

Nilimketisha kwenye chuma cha mizigo, juu ya ngozi ya kondoo. Nyuma yake nikafunga kidebe cha petroli kwa kamba ya ngozi, maana iliyokuwa ndani ya tangi isingetufikisha. Tukaondoka saa nne.

Ile haikuwa barabara. Ilikuwa njia ya ng'ombe, mawe na vumbi jeusi, na kila baada ya kitambo kuna mto. Penye kilima pikipiki haikuweza kutupandisha wawili, basi mke wangu alishuka akatangulia, mimi nikisukuma nyuma. Shanga zake zililia njia nzima.

Saa nane pikipiki ikakohoa, ikazima. Nikashuka nichukue kidebe. Kamba ilikuwa imekatika, kidebe hakuna.

"Kidebe kiko wapi?"

"Kilianguka tulipovuka mto wa mwisho. Nilisikia kikigonga mawe."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema ungeigeuza pikipiki, na mimi nimo juu yake. Ningetazama wapi?"

"Mgongo utakaochanwa ni wangu, si wa shangazi yako!"

"Basi rudi wewe. Wewe si bibi harusi."

Nikampa sime yangu, nikakimbia kurudi mtoni. Nilikimbia huku natazama jua, na kila nilipolitazama lilikuwa limeshuka zaidi.

Mtoni nikawakuta wachungaji wawili, watu wazima, wameshika fahali. Mmoja ana kidebe changu mkononi, anampaka fahali petroli masikioni kwa kitambaa.

"Ero!" akaniita kwa furaha, kama tuitavyo kijana. "Njoo uone dawa. Kupe wanaanguka wenyewe!"

"Hiyo ni yangu. Nipe."

"Yako? Mto ndio umetupa."

"Ni ya Mdachi. Na huyo fahali msimpeleke karibu na moto usiku. Atawaka, na boma lenu litawaka naye."

Akaniangalia kama nina wazimu, akanusa kitambaa, akaweka kidebe chini taratibu kama mtu anayeweka nyoka. Mwenzake alishaanza kumkokota fahali kwenye maji, akimtukana: "Si nilikwambia kinanuka shetani?" Nilikiokota kidebe, nikakitikisa. Nusu ilikuwa imebaki.

Niliporudi, mke wangu alikuwa bado ameketi juu ya pikipiki, uso kwenye njia ya ziwani, sime mapajani. Hakugeuka kunitazama. Akasema kwa sauti ndogo sana:

"Kuna kitu nyuma yangu. Kinapumua. Nitazamie wewe."

Nikatazama. Nyati dume, mzee, amesimama kwenye majani marefu, hatua kama ishirini. Nilimimina petroli haraka, nyingine ikamwagika kwenye miguu yangu. Nikasukuma, nikakimbia nayo, haikuwaka. Nikasukuma tena. Ikalipuka kama bunduki, nikaidandia. Nyati akakatiza porini kwa kishindo. Nadhani alituogopa kuliko tulivyomwogopa, ingawa siwezi kuapa.

Tulipoingia kwenye rasi, jua lilishapotea nyuma ya Meru, na kivuli cha mlima kilikuwa kimefunika ziwa lote. Mdachi alikuwa amesimama uani. Mnyapara alikuwa kando yake, na kiboko tayari.

"Jua limezama," Mdachi akasema.

Mtu mwenye akili angelala chini. Mimi nikanyoosha mkono mashariki. "Bwana, halijazama. Limejificha nyuma ya mlima. Tazama Kilimanjaro."

Huko mbali theluji ya Kilimanjaro ilikuwa bado nyekundu kwa jua. Mdachi akaitazama, akatazama saa yake, akatazama tena. Akawasha injini, akaisikiliza, akaizima.

"Vitano," akamwambia mnyapara. "Vya mdomo wake."

Nikalala, nikapigwa vitano, nikasimama mwenyewe. Kazi nikabaki nayo mpaka vita vilipomwondoa Mdachi, na ufundi ule hakuondoka nao.

Leo nina nyumba ya matofali Sekei, vyumba sita, paa la bati. Shamba la ekari nane Nduruma, mahindi na maharage. Ng'ombe wa maziwa wanne, mbuzi kumi na wawili. Karakana Lemara, na mafundi watatu niliowafundisha mimi. Mke ni yuleyule. Pikipiki mbili, moja haiwaki.