Fimbo Nyuma ya Gunia la Makaa

Wiki iliyopita, rafiki yangu, nilipita mtaa wa Ngagara, nikasimama mbele ya nyumba niliyokulia. Wameipaka rangi mpya, na kile chumba cha nyuma alicholala bibi kimekuwa stoo ya saruji. Niliegemea fimbo yangu hapo getini mpaka mlinzi akauliza namtafuta nani. Nikageuka, nikaondoka.

Bibi aliletwa kwetu kutoka Ruziba, magoti yalipomshinda. Alikuja na fimbo ya mti mzito, kichwa chake kimeng'aa kwa kushikwa, na harufu ya moshi na ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, harufu ambayo sabuni haikuiweza. Asubuhi mimi nilifagia ua, yeye akichambua maharagwe na kunitania: "We bwana yangu, tafuta bibi mwingine. Mi meno imeisha!" Nilicheka mpaka nikaangusha ufagio.

Lakini kila Jumapili walikuja wageni wa ofisini kwa baba, na bibi alitaka kumsalimia kila mmoja, amuulize ni mtoto wa nani, na ng'ombe wa kwao wanaendeleaje. "Mgeni asiyesalimiwa hashibi," alisema. Mama aliona aibu. "Ficha ile fimbo," aliniambia. "Bila fimbo hatoki."

Nikawa naificha nyuma ya gunia la makaa. Bibi akiuliza, "Mutoto wangu, umeona fimbo yangu?" najibu, "Apana, Bibi." Nililipwa Fanta moja.

Jumapili moja ya mvua bibi aliniita. Akaita tena. Mishikaki ilikuwa mezani, wageni wanacheka. Baba alinitazama tu. Nikaongeza sauti ya redio.

Wageni walipoondoka tulimkuta uani, kati ya chumba chake na choo, amelowa chapachapa, nyonga imevunjika.

"Iko nyuma ya makaa," aliniambia polepole. "Nilijua siku zote. Nilifikiri leo utaniletea."

Hakusimama tena. Tulimzika mvua zilipokatika, na wageni wale wale wa Jumapili walikuja kutupa pole, wakasema tulimtunza vizuri.

Sasa naishi kwa mwanangu, mtaa wa Musaga, katika chumba cha nyuma. Ule ua wenye harufu ya ndagala haupo, na aliyeniita bwana yake hayupo. Fimbo yangu hakuna anayeificha. Ila siku za wageni, nikiita, nasikia sauti ya televisheni ikipanda. Siwezi kulaumu. Ule mkono unaoongeza sauti naujua.